Aida Bila Tembo: Majibu kwa Wanaokwenda Kuiona

Barua za mwezi huu karibu zote zina jambo moja. Wasomaji wamekata tiketi za Aida, opera ya mtunzi Mwitaliano Giuseppe Verdi, si katika majumba makubwa yanayotajwa na kila mtu, bali kwa kampuni za opera za mikoani, na wana wasiwasi. Barua hizi zimenifurahisha sana. Niliimba sauti ya pili katika kwaya ya kampuni ya namna hiyo mpaka koo lilipotaka kupumzika. Katika Aida nilikuwa kuhani wa kike tendo la kwanza, na mateka wa Kihabeshi tendo la pili. Najibu nikiwa upande ule wa pazia.

Shikamoo mama. Baada ya kukata tiketi nilitazama video ya Aida ya Verona: farasi, mienge, mamia ya watu jukwaani. Yetu itakuwa katika ukumbi wa kawaida, kwaya ya watu thelathini na kitu, na nasikia hakuna mnyama hata mmoja, farasi wala tembo. Rafiki yangu anasema hiyo si opera kubwa, ni kivuli chake, nirudishe tiketi. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Tiketi usirudishe.

Picha iliyo kichwani mwa rafiki yako ilianza tarehe 10 Agosti 1913, Aida ilipochezwa kwa mara ya kwanza ndani ya uwanja wa kale wa Kirumi wa Verona, kuadhimisha miaka 100 tangu Verdi azaliwe. Ilipendwa mno, na tangu hapo watu wengi wanadhani opera hii ni gwaride lenye nyimbo. Lakini Aida ilikuwa imeshaishi zaidi ya miaka 40 ndani ya majumba yenye paa na kuta.

Hiyo inayoitwa opera kubwa ilikulia Paris. Mwaka 1828 Auber alitoa La Muette de Portici, habari ya uasi wa watu wa Napoli. Mwaka uliofuata Rossini akaleta Guillaume Tell. Kisha Halévy na La Juive mwaka 1835, na Meyerbeer na Les Huguenots mwaka 1836. Matendo matano, ngoma ya baleti ambayo haikuruhusiwa kukosekana, majukwaa ya gharama kubwa, na kisa kutoka kwenye historia ya mataifa. Ukiviondoa vitambaa na mishumaa yote unabaki na jambo moja, na ndilo lililowafanya watu wajae: wapendanao wawili wanawekwa mbele ya umati, na umati unawaponda. Serikali, dini, jeshi, upande mmoja. Moyo wa mtu mmoja, upande wa pili. Mambo haya yaligusa watu kweli. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1830, mjini Brussels, watazamaji walitoka kwenye La Muette de Portici wakaingia barabarani, ghasia zikawaka, na mwisho wake Ubelgiji ikawa nchi huru.

Verdi aliwaandikia watu wa Paris kwa mtindo huo, Don Carlos ya mwaka 1867 ikiwamo. Aida ina matendo manne na lugha yake ni Kiitaliano, ila mifupa yake ni ileile. Sasa itazame onyesho kwa onyesho. Umati unahitajika kweli katika tendo la kwanza na katika ushindi wa tendo la pili. Tendo la tatu lote liko ukingoni mwa Mto Nile usiku: Aida, baba yake, mpenzi wake, na wachache wanaopita. Tendo la nne lina mwanamke anayembembeleza mwanamume ajiokoe, halafu kaburi lenye watu wawili. Opera yenyewe inaanza kwa fidla chache peke yake, kwa sauti nyembamba kiasi kwamba mtu akikohoa mstari wa kumi unaukosa mwanzo. Kwenye uwanja wa wazi mwanzo huo huyeyuka hewani. Kwenye ukumbi wenu utausikia upinde ukigusa uzi.

Na hilo gwaride? Kampuni ndogo zina ujanja wa zamani: askari wanapita mbele, wanakimbia nyuma ya pazia la mwisho, wanabadili kofia, wanapita tena. Nimewashikia wenzangu kofia hizo gizani. Lakini waongozaji ninaowaheshimu wameacha kabisa kupanga foleni. Wanaisimamisha kwaya ikutazame wewe usoni, mtu hatikisiki, na kazi wanaziachia tarumbeta. Verdi alitaka tarumbeta ndefu zilizonyooka, sita, zipigwe jukwaani. Tatu zinaanza wimbo katika ufunguo wa La bemoli. Halafu tatu nyingine zinaupokea wimbo uleule katika ufunguo wa Si, nusu-toni tatu juu yake. Hakuna daraja wala maandalizi, ukumbi mzima unanyanyuliwa ghafla. Tembo hana la kuongeza hapo.

Wingi si hoja kwa kwaya pia. Watu thelathini na kitu wanaoimba pamoja msimu baada ya msimu wanajuana pumzi. Najua nani alikuwa akivuta hewa mapema kabla ya sauti ya juu, nami nikashikilia noti mpaka arudi, na msikilizaji hakuona ufa. Kwaya ya mamia iliyokusanywa kwa kiangazi kimoja haiwezi kuwa na hilo.

Nisikufiche, yapo mahali udogo unaumiza. Fidla zikiwa chache, ala za shaba, tarumbeta na jamaa zake, zinazifunika wakati wa ushindi, na kiongozi wa okestra asiye makini ataliacha onyesho hilo liwe kelele. Makuhani wa tendo la nne, wanaoimba kutoka chini ya jukwaa, wanahitaji besi nzito. Wakiwa wanne watano, hukumu haitishi. Vitu hivyo ndivyo vya kuulizia kabla ya kwenda, si wanyama. Na hata kama jukwaa halina kitu kabisa, usiogope: Opera North ya Leeds, Uingereza, ilicheza Ring ya Wagner, opera nne zinazofuatana, mwaka 2016 okestra ikiwa jukwaani na waimbaji mbele yake, bila majumba wala mapango, na watu waliifuata mji hata mji.

Ukiweza, badili kiti uende juu, katikati. Sauti hupanda, na ukiwa juu unaona jinsi kwaya ilivyopangwa. Epuka pembeni kabisa, maana kaburi la mwisho mara nyingi hujengwa ghorofa mbili, na kutoka pembeni unaweza kuona nusu yake tu.

Mimi na mume wangu hatujui Kiitaliano hata neno moja. Tusome kisa kwanza, au tukiharibu tutapoteza utamu?

Someni, dada yangu. Hakuna siri ya kuharibu. Watu wengi ukumbini watakuwa wanajua nani anakufa.

Kisa ni hiki. Aida ni mtumwa wa Amneris, binti wa mfalme wa Misri. Hakuna ajuaye kwamba Aida naye ni binti wa mfalme, Amonasro wa Ethiopia. Wote wawili wanampenda Radamès, kamanda, naye anampenda Aida. Radamès anatumwa kuipiga Ethiopia, anashinda, anarudi na mateka, na mmojawapo ni Amonasro aliyejificha cheo. Mfalme wa Misri anampa Radamès mkono wa Amneris kama zawadi. Ukingoni mwa Nile, Amonasro anamlazimisha binti yake amchokonoe Radamès njia itakayopitiwa na jeshi. Radamès anaitamka, wanasikiwa, naye anajisalimisha kwa makuhani. Anahukumiwa kuzikwa hai. Ndani ya kaburi anamkuta Aida, aliyetangulia kujificha humo afe naye.

Tafsiri mtaisoma juu ya jukwaa. Utaratibu huo wa kurusha maneno ulianzia Toronto, Januari 1983, kampuni ya opera ya Kanada ilipocheza Elektra ya Strauss, na siku hizi hata kampuni ndogo nyingi zinao. Someni, lakini kuna mahali ningependa macho yenu yateremke yakae kwa waimbaji.

Mahali pa kwanza panakuja mapema mno, watu wengine wakiwa bado wanajiweka sawa vitini. Radamès anaimba Celeste Aida, na noti ya mwisho ni Si bemoli ya juu ambayo Verdi aliiandikia izimike taratibu, kwa sauti ndogo kabisa. Kwa tenori, mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, ambaye koo lake halijapata moto, huo ni mtihani mzito. Wengi wanaipiga kwa nguvu zote. Verdi mwenyewe alijua ugumu wake na alikubali njia nyingine: aimbe juu kwa nguvu, kisha ayarudie maneno ya mwisho chini, kwa upole. Nyinyi sikilizeni mwenzenu kachagua nini. Nimesimama nyuma ya pazia usiku kadhaa nikimwombea tenori wetu, na usiku alioweza kuizima ile noti hakuna aliyepiga makofi mara moja. Watu walisahau.

Mahali pa pili ni Nile. Amonasro anamwambia binti yake aliyemkatalia: wewe si mwanangu tena, wewe ni mtumwa wa Mafarao. Baba mzazi anamwambia hivyo mtoto aliyemlilia miaka. Mtazameni soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike anayecheza Aida, mwili wake unafanya nini pale, kabla hajafungua kinywa. Baada ya maneno hayo inabidi aimbe kwa sauti iliyovunjika, polepole, juu ya nyuzi za chini za okestra zinazonong'ona, na mwimbaji wa kampuni ndogo, aliye hatua chache kutoka kwenu, hana pa kujificha.

Na pa tatu, hukumu. Makuhani wako chini, hawaonekani. Wanamwita Radamès ajitetee, mara tatu. Mara tatu hajibu. Sisi tunabaki juu na Amneris, mwanamke aliyekuwa na kila kitu na aliyeyaanzisha yote kwa wivu wake, akisikiliza mtu anayempenda akihukumiwa kifo na wazee wa dini yake mwenyewe. Mwisho anawalaani. Mimi naamini, na nimebishana na wengi, kwamba opera hii jina lake ni la Aida lakini mzigo wake mzito kaubeba Amneris. Kampuni yenye bajeti ya mwimbaji mmoja mkubwa tu ingefanya vizuri kuitumia kwa mezosoprano, sauti ya kati ya kike inayomwimba Amneris.

Makofi: baada ya wimbo mkubwa kuisha piga ukitaka, ukiona shaka subiri wenzako. Basi.

Naomba kuelezwa. Nimeambiwa hawatumii vipaza sauti. Okestra nzima, kwaya, halafu mtu mmoja anasikika vipi? Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti na jambo hili linanisumbua.

Swali lako nimelipenda, ndugu yangu, kwa sababu fundi atalielewa jibu kuliko sisi tuliofundishwa kwa kupigwa mgongoni.

Okestra ina nguvu zake nyingi karibu na hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde. Kuanzia hapo kwenda juu, nguvu hizo zinapungua. Mwimbaji wa opera, hasa mwanamume, anajifunza kwa miaka kushusha kidogo koromeo na kuacha nafasi juu yake, mpaka sauti yake inapata kilima cha nguvu kwenye eneo la hezi 2,500 hadi 3,000 na kidogo. Pale okestra imeshapungua, na sikio la binadamu linasikia vizuri sana. Hamshindi mpiga tarumbeta kwa ukubwa. Anapita dirisha ambalo tarumbeta hajaliziba. Mwanasayansi wa Sweden, Johan Sundberg, alilipima na kulieleza jambo hili miaka ya 1970. Soprano wanatumia njia nyingine wanapopanda juu: wanafungua taya zaidi na zaidi ili mwangwi wa kinywa ufuate noti yenyewe. Ndiyo maana juu kabisa husikii maneno. Usimlaumu kwa matamshi; akifunga kinywa atamke vizuri, sauti inakufa.

Ukifika, sikiliza onyesho la mwisho la tendo la pili, pale ambapo kila kundi linaimba lake, makuhani wakitaka mateka wauawe, mateka wakiomba huruma, wananchi wakisifu, na soprano anapita juu ya wote. Kisha uniandikie sikio lako la kazi limesikia nini. Nataka kujua kwa dhati.

Shikamoo bibi. Mimi ni binti Mwafrika, napenda kuimba, na nimealikwa kuiona Aida. Nimewahi kuona picha za waimbaji wazungu waliopakwa rangi nyeusi. Nitakaaje pale nikitazama Waafrika walioandikwa na Mwitaliano?

Marahaba mjukuu wangu. Swali hili nimelibeba wiki nzima.

Kwanza uijue historia yake. Aida iliagizwa na Khedive, yaani mtawala, Ismail wa Misri kwa jumba lake jipya la opera mjini Kairo. Watu husema ilikuwa ya kufungua Mfereji wa Suez. Sivyo, mfereji ulifunguliwa mwaka 1869, na jumba lenyewe lilifunguliwa mwaka huohuo kwa Rigoletto, opera nyingine ya Verdi. Aida ilikuwa ichezwe mwanzoni mwa 1871, lakini mavazi na mapambo yalikwama Paris, mji umezingirwa na majeshi ya Prussia. Ikachezwa tarehe 24 Desemba 1871. Verdi hakwenda. Nyimbo za makuhani zinazosikika kama za kale hazina asili Misri. Alizibuni mezani kwake. Niliziimba, ni nzuri, na ni za Verdi.

Kisha ujue jambo ambalo vitabu vya programu hulisahau. Miaka michache tu baada ya usiku ule, majeshi ya Ismail yalivamia Ethiopia kweli. Yalishindwa Gundet mwaka 1875, na tena Gura mwaka 1876, na Mfalme Yohannes wa Nne. Kwenye jukwaa la Kairo Wahabeshi waliletwa wamefungwa. Uwanjani mambo yakawa kinyume. Ukae na hilo moyoni wakati tarumbeta zinapolia. Linaligeuza onyesho zima la ushindi.

Kuhusu rangi: mtu hahitaji kupakwa rangi ili aimbe Aida. Naiona desturi hiyo ni dharau, na kampuni nyingi zimeiacha. Mwaka 2022 soprano Mmarekani Angel Blue alijitoa kwenye maonyesho yake ya Verona, ya opera nyingine kabisa, kwa sababu uwanja uleule ulikuwa ukiwapaka rangi waimbaji wa Aida. Alikuwa na mengi ya kupoteza. Ipigie simu kampuni yenu uulize, ni haki yako. Wakijibu kwamba wanapaka, usiende, na uwaandikie sababu.

Wasipopaka, nenda, kwa sababu kuna urithi wako pale. Leontyne Price aliimba Aida Vienna mwaka 1958 na La Scala ya Milano mwaka 1960, na alipoagana na jukwaa la opera tarehe 3 Januari 1985, huko Metropolitan ya New York, alichagua kuagana akiwa Aida. Tafuta rekodi ya usiku ule, usikilize O patria mia, mwanamke aliye utumwani anaimba kwamba nchi yake hataiona tena. Makofi yaliyofuata yalikwenda dakika nyingi, naye amesimama. Alisema mara kadhaa kwamba katika Aida ngozi yake ndiyo ilikuwa vazi lake. Sikiliza, halafu ujiulize kama muziki huu ni wa Verdi peke yake. Na kama unaimba, mjukuu, ukiisha kuiona niandikie uko sauti gani.

Naweza kumleta mwanangu wa miaka tisa?

Mlete, mradi alale mchana. Muziki peke yake ni kama saa mbili na nusu, ongeza mapumziko. Msimulie kisa siku mbili kabla, umruhusu aulize kwa nini Radamès hajitetei. Akichoka baada ya tendo la pili mrudishe nyumbani, ameshaziona tarumbeta.

Na nisipoipenda? Nauli ni yangu, jioni ni yangu.

Aliyewahi kuuliza hivyo kabla yako alijibiwa na Verdi mwenyewe. Mwaka 1872 bwana mmoja wa Reggio Emilia, Prospero Bertani, alipanda treni kwenda Parma kuiona Aida. Hakuridhika. Kwa kuwa kila mtu aliisifu, alirudi mara ya pili, na bado hakuridhika. Akamwandikia Verdi akidai arudishiwe fedha: treni, tiketi na chakula cha usiku, jumla lira 31.80. Verdi alimwagiza mchapishaji wake, Ricordi, amlipe lira 27.80. Chakula alikikataa, akisema angeweza kula nyumbani kwake. Sharti lilikuwa moja: bwana huyo aahidi kwa maandishi kwamba hatakwenda tena kwenye opera mpya ya Verdi. Aliahidi, akalipwa.

Kwa hiyo una haki ya kutoipenda, na mtunzi aliikubali haki hiyo kwa fedha taslimu. Ninachokuomba ni usitoke kabla ya tendo la tatu. Wengi wanaoniambia hawakuipenda waliondoka baada ya tarumbeta, wakidhani kilichobaki ni mabaki. Ukikaa mpaka kaburini na bado huipendi, niandikie kwa nini, kurasa mbili ukitaka, nami nitaichapa barua yako hapa nzima.